Dirisha Lijualo Kufumba Jicho

Ndugu wasomaji, wake kwa waume, na hasa nyinyi vijana mnaosoma sayansi mashuleni: mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila nyumba inacho, na ni wachache wanaokifikiria. Kitu hicho ni dirisha. Dirisha lina kazi mbili. Mchana huingiza ndani nuru ya jua pamoja na joto lake. Usiku huitoa nje nuru ya taa zetu. Kazi hii ya pili hatuiangalii sana, na madhara yake yamekuwa makubwa.

KIZA KINAPOTOWEKA

Mwenyezi Mungu ameujaalia usiku uwe wakati wa mapumziko, wala si kwa binadamu peke yake, bali hata kwa ndege na wadudu. Lakini katika miji mikubwa ya leo, usiku wenye kiza umekuwa kitu adimu. Mwaka 2016 wataalamu wakiongozwa na Fabio Falchi wa Italia walitoa ramani ya dunia nzima, kuonyesha jinsi nuru ya taa inavyoijaza mbingu. Walikuta kwamba watu zaidi ya 80 katika kila 100 duniani wanaishi chini ya mbingu iliyochafuliwa na nuru hiyo, na kwamba zaidi ya thuluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuuona kwao ule ukanda mweupe wa nyota uikatao mbingu.

Mwaka 2023 wataalamu wengine, wakiongozwa na Christopher Kyba, walikusanya habari zilizoletwa na watu wa kawaida, wengi wao wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, waliotazama nyota kwa macho matupu tangu 2011 hata 2022. Ikadhihiri kwamba huko mwangaza wa mbingu ulikuwa ukizidi karibu sehemu 10 katika 100 kila mwaka. Maana yake ni hii: mtoto azaliwaye mahali ambapo nyota 250 zaonekana, atakapotimiza miaka 18 ataziona kama 100 tu.

Jambo hili latuhusu sisi kwa namna yake. Sala ya alfajiri ina wakati wake, na wakati huo hutambulikana kwa weupe wa kwanza wa upande wa mashariki. Weupe huo ni hafifu, na mahali penye taa nyingi hauwezi kupambanuliwa kwa macho na ule mwangaza wa mji.

Wengi hudhani kwamba kosa lote ni la taa za barabarani. Sivyo. Mwaka 2019 mji wa Tucson katika jimbo la Arizona, Marekani, ulizibadilisha nguvu taa zake za barabarani kwa siku chache, huku setilaiti ikipiga picha kutoka juu. Ikaonekana kwamba taa hizo hazikufikia hata sehemu moja katika tano za mwangaza uliopanda. Uliosalia ulitoka kwingineko: kwenye mabango ya matangazo, viwanja vya michezo, maegesho ya magari na taa za majengo.

NDEGE WA CHICAGO

Tazameni mfano mmoja wa madhara hayo. Katika mji wa Chicago, ukingoni mwa Ziwa Michigan, lipo jumba kubwa la maonyesho liitwalo McCormick Place, lenye kuta za vioo. Ndege wahamao kati ya kaskazini na kusini hupita hapo usiku kwa maelfu. Nuru ya madirisha huwavuta na kuwapoteza njia, nao hujigonga vioo na kufa. Tangu mwaka 1978 David Willard wa jumba la makumbusho la Field alikuwa akiwaokota na kuwaandika katika daftari, na jumla yao ikapita 40,000. Usiku mmoja tu wa Oktoba 2023 walikufa karibu 1,000.

Wataalamu walizichukua hesabu hizo, wakazilinganisha na idadi ya madirisha yaliyokuwa yakiwaka kila usiku. Katika taarifa yao ya mwaka 2021 walisema kwamba nusu ya madirisha ikitiwa kiza, vifo vitapungua karibu sehemu 60 katika 100. Wala hapana haja ya kulibomoa jumba. Mwaka 2024 vioo vyake vilibandikwa nukta ndogo ndogo ili ndege wapate kuvitambua, na vifo vikapungua sana.

HEKIMA YA ZAMANI NA KIOO KIPYA

Watu wa nchi za joto walilijua jambo la dirisha tangu zamani. Katika miji ya Waarabu yalitengenezwa madirisha ya mashrabiya, yaani viambaza vya mbao zilizonakshiwa kwa matundu, vikapitisha upepo na nuru kidogo, vikazuia jua kali na macho ya wapita njia. Pwani yetu nako, nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa kuta nene na madirisha ya mbao yanayofungwa. Hekima hii haikufa. Jengo la Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu lililofunguliwa Paris mwaka 1987 lina ukuta wa vioo upande wa kusini, wenye matundu ya chuma yaliyobuniwa yafumbuke na kufumba kwa kadiri ya jua, kama mboni ya jicho. Na huko Abu Dhabi, minara miwili ya Al Bahar iliyomalizika mwaka 2012 imevikwa mashrabiya zinazokunjuka na kukunjika kwa mashine.

Sasa kimetokea kioo kisichohitaji mbao wala chuma. Mwaka 1969 mtaalamu S. K. Deb alieleza kwamba utando mwembamba wa oksidi ya tungisteni waweza kubadilishwa rangi kwa umeme. Tungisteni ni yale madini yaliyokuwa yakitumika kufanyia uzi wa ndani ya globu za taa za zamani. Kioo cha namna hii hupakwa tabaka kadhaa, nyembamba mno kuliko unywele. Umeme mdogo, wa volti chache tu, huzisukuma chembe za lithiamu, ambayo ndiyo itumikayo katika betri za simu, ziingie katika tabaka la tungisteni, na kioo kikawa buluu iliyokoza. Ukiugeuza umeme, chembe hurudi zilikotoka na kioo huwa cheupe tena.

Ndege aina ya Boeing 787, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2011, na ambayo mashirika ya Kenya na Tanzania nayo yanazo, ina madirisha ya kubadilika rangi kwa umeme. Abiria hakuti pazia la kuvuta. Hubonyeza kitufe, na dirisha likaingia giza polepole.

Faida yake ya mchana ni kupunguza joto. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba mapanka na mashine za kupozea hewa hula karibu sehemu moja katika kumi za umeme wote wa dunia. Jua likizuiliwa kwenye kioo, mashine ya kupoza hufanya kazi ndogo zaidi. Pazia la ndani haliwezi kulingana na hilo, kwani joto huwa limekwisha kuingia chumbani kabla ya kulifikia.

Faida ya usiku yatokana na kioo hicho hicho. Kikiwa cheupe hupitisha nuru kama sehemu 60 katika 100. Kikikoza kabisa, vingine hupitisha sehemu moja tu. Kwa hiyo watu waweza kufanya kazi ndani taa zikiwaka, na nuru itokayo nje ikawa kidogo sana. Lakini sharti kiamrishwe, kwani kioo kinachofuata jua peke yake hubaki cheupe usiku, na nuru ikamwagika kama kawaida.

Wala tusifiche upande wa pili. Vioo hivi ni ghali mara nyingi kuliko vya kawaida, na vile vikubwa huchukua dakika nyingi kubadilika. Kwa sasa ni vya maofisi na majumba makubwa, si vya nyumba zetu.

LA KUFANYA NYUMBANI

Je, basi hatuna la kufanya? Tunalo, na halina gharama. Ufaransa iliweka amri mwaka 2013 kwamba taa za ndani ya maofisi zizimwe saa moja baada ya wafanyakazi kuondoka. Dawa hiyo haikuhitaji kioo kipya. Yahitaji mkono wa kuzima. Nasi yatupasa vivyo hivyo. Atokaye chumbani na azime taa. Ikiingia magharibi, mapazia yafungwe. Taa ya nje ifunikwe juu, imulike chini penye miguu, na iwe ya manjano kuliko nyeupe kali. Na mwenye kujenga asivutiwe na kuta za vioo kwa fahari tu, akaja kulipia umeme maisha yake yote. Bora apande mti, ajenge baraza, na madirisha yake yawe na kivuli kwa nje.

Nanyi vijana, hesabuni nyota za sehemu moja ya mbingu usiku usio na mwezi, muandike idadi na tarehe, na mwakani mhesabu tena mahali pale pale. Mtajua wenyewe kama mtaa wenu unaulinda usiku au unaupoteza.

Israfu si ya chakula na fedha tu. Nuru imwagwayo mahali isipohitajiwa nayo ni israfu: twailipia, nayo yatuondolea nyota zetu na yawaua ndege wasio na kosa. Haba na haba hujaza kibaba, na dirisha moja likifungwa leo, jirani ataliona na kufunga lake kesho.

Wabillahi tawfiq.