Muhuri Uliohamia Ukurasa wa Pili

SAFU YA JUMATANO
Na Saada Mwinyimkuu

Siku ya kuvunja mzunguko na kugawana akiba ni sikukuu kwenye kikundi chetu cha hisa. Turubai limefungwa, pilau liko jikoni, na sanduku la kufuli tatu liko mezani na wenye funguo wamelizunguka. Humo ndani mna fedha za mwaka mzima na vitabu vya wanachama wote, maana kitabu hakiendi nyumbani. Kinagongwa muhuri mbele ya kikao, kinarudi sandukuni.

Mwaka juzi shughuli ilikwama palepale kwenye vitabu. Kwetu kila hisa ni muhuri mmoja wa nyota, na mtu ananunua hisa moja hadi tano kwa wiki. Mwenzetu mmoja, muuza samaki, alifungua kitabu chake akakuta nyota tano wiki ya kwanza ya Machi. Ukurasa unaotazamana na huo ni wa wiki alizokuwa kijijini anamuuguza mama yake, hakununua kitu. Nao ulikuwa na nyota, hafifu. Muhuri wa maandishi ungejulikana mara moja kwamba umegeuka, lakini nyota haina kushoto wala kulia. Na baya zaidi, nyota nyingine za kweli, zilizopitiwa na kidole gumba kila tulipohesabu, zilikuwa zimefutika hadi zikafanana na zile za uongo.

Hatuna leja ya hisa. Kitabu cha mwanachama ndicho ushahidi wote. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, vitabu 28 vikipita mkono kwa mkono, na wanawake walioaminiana miaka sita wakaanza kuulizana maswali ambayo hayakuwahi kuulizwa. Mwisho tuligawana kwa kukubaliana, kila mwenye shaka akapunguza. Muuza samaki alipunguza nyota saba anazoamini ni zake. Mzunguko uliofuata hakurudi.

Hakuna aliyeiba. Kilichotuponza ni karatasi, na karatasi hiyo tuliichagua wenyewe.

Vikundi saba vya mtaani tuliungana tuchapishe vitabu 500 kwa mkupuo. Kwenye mtambo wa ofseti gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye kutengeneza pleti na kuuweka mtambo sawa. Ukishaanza kuzunguka, kila nakala inayoongezeka ni karatasi na wino tu. Nilikuwa mmoja wa watatu tuliotumwa mjini. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu zake zote. "Karibuni mama zangu, kaeni." Akatuwekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa nyeupe ya kawaida, bondi, ile ya kutolea kopi. Ya pili ilikuwa laini, nzito, inameta ukiigeuzia taa. Tukachagua inayometa, kwa sababu tulitaka kitabu chenye hadhi ya fedha zetu. Hakutuuliza kitatumikaje, na sisi hatukumwambia.

Karatasi ya kung'aa ni karatasi iliyopakwa. Juu ya nyuzi za mti kuna tabaka la udongo mweupe wa kaolini au unga wa chokaa, lililosuguliwa kwa rola mpaka likawa kama kigae. Wino wa mtambo unafurahi hapo: unabaki juu, picha inatoka kali, rangi inawaka. Wino wa muhuri ni habari nyingine. Umetengenezwa usikauke upesi kwa hewa, la sivyo pedi ingekuwa jiwe ndani ya kopo lake. Unakauka kwa kunywewa na karatasi. Ukigongwa juu ya kigae hauna pa kuingia, unakaa juu unasubiri. Nasi tulifunga vitabu, tukavipanga kimoja juu ya kingine, tukavifungia sandukuni wiki nzima katika joto na unyevu wa pwani. Hata mimi nisingebuni njia bora zaidi ya kuhamisha nyota kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Ninachosema wiki hii ni kimoja. Karatasi itangulie mchoro. Kabla ya rangi, kabla ya nembo, kabla ya picha ya mwenyekiti, mtu wa duka la chapa aulize: hiki kitaandikwa kwa kutumia nini, kitashikwa na nani, kitakaa wapi? Asipouliza, mteja aseme. Leo mambo yanaanzia kwenye kioo cha kompyuta, mchoro unapendwa, unalipiwa, kisha unachapwa kwenye karatasi yoyote iliyopo stoo.

Na hili si la vitabu vya hisa peke yake. Tazama risiti ambayo kalamu ya wino inateleza juu yake. Tazama daftari la mtoto lenye karatasi nyembamba mpaka hesabu za upande wa pili zinasomeka upande huu, na mwalimu anasahihisha kwa kubahatisha. Tazama kadi ya kliniki iliyopigwa laminesheni pande zote, nzuri, haipitishi maji, na nesi hana pa kuandika uzito wa mtoto.

Watu wengi wakisikia karatasi wanauliza gramu, wakidhani gramu ndiyo ubora. Gramu ni uzito wa mita moja ya mraba, basi. Karatasi ya A0 ina mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu yake ya 16, kwa hiyo karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Siku ukiwa na shaka na rimu uliyouziwa, ipeleke kwa muuza unga, iwekwe kwenye mizani. Ikisoma kilo 2.2, umeuziwa ya gramu 70. Lakini mizani haitakwambia kama karatasi inakunywa wino. Karatasi iliyopakwa na isiyopakwa zinaweza kuwa na gramu zilezile 100, moja ikawa nyembamba inateleza na nyingine ikajaa mkononi.

Kuna pia uelekeo wa nyuzi, jambo ambalo sijawahi kumsikia mteja akiliuliza, nami sikuliuliza. Karatasi inapotengenezwa, nyuzi nyingi hulala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Ukiikunja kufuata nyuzi inakubali. Ukiikunja kuzikata inapasuka, hasa ikiwa nene. Jalada letu lilianza kupasuka mgongoni mwezi wa pili. Kujua ni rahisi: kata kipande cha mraba, kilowanishe upande mmoja, kitajiviringa chenyewe. Bomba linalotokea limelala sambamba na nyuzi. Katika kitabu nyuzi zinatakiwa zisimame pamoja na mgongo.

Nisiache kusema kuhusu faili, maana huko nako tulikosea. Kijani cha jalada tulikikubali kwenye simu. Simu inatengeneza rangi kwa taa, mtambo unazitengeneza kwa wino wa aina nne, na kijani kile cha kuwaka hakimo ndani ya wino huo. Kikatoka kama majani ya mgomba yaliyokaa siku mbili. Nembo tulimtumia kijana kwa WhatsApp kama picha, ikabanwa njiani. Picha yenye upana wa nukta 600 inatoka safi kwenye sentimita 5 tu, kwa kuwa chapa nzuri inataka nukta 300 kwa inchi. Yeye aliivuta ijaze jalada. Afadhali ingetumwa kama dokumenti, au faili la aliyeichora.

Kosa lililonikera kuliko yote ni mistari ya jedwali. Mchoraji aliipaka kijivu chepesi ili ukurasa upumue, na kwenye kioo ilipendeza kweli. Mtambo hauna wino wa kijivu. Unachapa nukta nyeusi ndogo zilizoachana ili jicho lidanganyike, na mstari mwembamba ukigeuzwa nukta unabaki kama nyayo za sisimizi. Akina mama wenye macho ya uzee hawakuona wiki moja inaishia wapi. Mstari mwembamba unataka weusi mtupu, asilimia 100. Herufi ndogo vilevile: zikiundwa kwa rangi zote nne, pleti moja ikisogea upana wa unywele, kila neno linaota kivuli chekundu.

Simlaumu yule kijana peke yake. Pale ukutani palikuwa na bango: ukichapa hapa, mchoro bure. Sisi ndio tunaoyapenda mabango hayo. Mtu ambaye halipwi kwa kufikiri atafikiri saa ngapi? Anapokea kazi nyingi kwa siku na anachopewa kufanya ni kujaza ukurasa. Tumlipe mchoraji kwa kazi yake, tumdai aende mtamboni akaone faili lake linavyotoka, tumdai prufu iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika. Prufu ya kwenye simu mimi sisaini tena. Najua karatasi nyeupe kwa sehemu kubwa inatoka nje, kwamba kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kinatengeneza ya kahawia ya mifuko na maboksi, na kwamba duka linauza kilichoshuka bandarini. Ndiyo maana swali la karatasi liulizwe mapema, kungali na muda wa kutafuta.

Mwaka huu tumechapa tena. Bondi ya gramu 80 ndani, manila jalada, mistari myeusi, pini mbili mgongoni. Kurasa 16, wenzangu walitaka 18, nikawaeleza kwamba kitabu cha kukunja na kupiga pini kinakwenda kwa nne nne. Nilikwenda na muhuri na pedi kwenye mkoba. Mbele ya mpiga chapa niligonga nyota kwenye prufu, nikafunga, nikaikalia, tukanywa chai. Tulipofungua, ukurasa wa pili ulikuwa mweupe.

Kitabu kimoja nilikipeleka sokoni, kwenye meza ya yule muuza samaki. Hatukuwa tumeongea sana tangu siku ile. Aliniambia nikae, akakausha mikono kwenye kanga, akakifungua. Nyota niliigonga asubuhi. Alipitisha gumba juu yake mara moja, akarudia kwa kukandamiza. Kisha akaligeuza gumba akalitazama. Lilikuwa safi.