Nani alimuuliza umri wake?

Mimi ni mkunga. Mama akija kufungua kadi ya kliniki, namuuliza umri kabla ya kumpima. Wasichana wengine huongeza miaka, lakini mwili hausemi uongo: nyonga bado changa, na mimi naanza kuhofia kifafa cha mimba na uzazi pingamizi.

Julai 2021, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 16 alifariki akijifungua kwenye viwanja vya ibada vya kanisa la Johane Marange, mashariki mwa Zimbabwe. Polisi walipofuatilia walipewa kitambulisho cha mtu mwingine, ili marehemu aonekane ana miaka 22. Habari hiyo haijanitoka moyoni.

Kanisa hilo lilianza mwaka 1932. Waumini huvaa kanzu nyeupe, husali nje, chini ya miti, na wanaume huruhusiwa kuoa wake wengi. Wengi hukataa hospitali na chanjo. Nabii akisema Roho amemwonyesha mume wa binti fulani, binti atamjibuje Roho? Anaacha daftari, anakwenda kuwa mke mdogo katika nyumba ambayo bi mkubwa aweza kuwa rika la mama yake. Uchungu ukimshika, wanaomzunguka ni watu wa imani ileile. Mwalimu hayupo, nesi hayupo, hakuna wa kumuuliza una miaka mingapi.

Sina ugomvi na sala zao. Nami husali kabla ya kuingia zamu. Ila uhuru wa kuabudu hauwezi kuwa ruhusa ya kumficha mtoto asionwe na mkunga.

Na sheria ilikuwepo. Januari 2016, Loveness Mudzuru na Ruvimbo Tsopodzi, walioolewa wakiwa watoto, walishinda kesi katika Mahakama ya Katiba ya Zimbabwe, na ndoa chini ya miaka 18 zikapigwa marufuku. Miaka mitano baadaye, binti wa Marange akazikwa.

Huku kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja tu kurekebisha sheria hiyo. Miaka 18 iandikwe katika sheria, bila ridhaa ya baba wala ya nabii, na mkunga anayemwona mtoto mjamzito apewe mahali pa kutoa taarifa siku hiyohiyo, hata kama mume amesimama mlangoni.