Tuwape Majina Waliomo Kwenye Sinema Zetu

Ndugu zangu wa Tawa na Mbooni nzima, ni nani kati yenu analikumbuka gari la sinema? Mchana kipaza sauti kilipita sokoni kikitangaza. Jioni uwanja ukajaa, watoto wamekaa chini mbele, kitambaa cheupe kimewambwa, jenereta inanguruma kando.

Safari ya magari hayo ni ya zamani. Mwaka 1935 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulianza kutengeneza filamu huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Kufikia 1937 ulikuwa umetoa filamu 35, na lori lake lilizizungusha hadi Kenya. Mwaka 1939 Waingereza wakaunda Colonial Film Unit, iliyodumu hadi 1955. Baada ya uhuru, jirani zetu walianzisha Tanzania Film Company mwaka 1968. Kwetu kazi hiyo ilikaa chini ya wizara ya habari. Wapigapicha wake walifuata sikukuu za taifa, harambee, mabaraza na ziara za marais, mwaka baada ya mwaka, enzi ambazo kamera nyumbani ilikuwa ndoto.

Je, sisi tumo kwenye filamu hizo? Naamini tumo. Lakini tutapatikana vipi? Makueni ilitengwa na Machakos mwaka 1992. Kijana anayetafuta picha za Tawa za kabla ya hapo kwa jina la Makueni huenda akaambulia patupu, maana mkebe wa filamu unaweza kuwa umeandikwa Machakos tu. Na hata akiipata filamu, nani atamwambia yule mama mwenye jembe ni wa kikundi gani cha mwethya, yaani cha kazi ya ujima, na kilima kilicho nyuma yake kinaitwaje? Mpigapicha alikuwa mgeni, alikuja akaenda zake. Anayejua ni nyanya yako.

Tusidhani kujua picha ilipigwa wapi ni jambo dogo. Mwaka 1937 ofisa wa kilimo, R. O. Barnes, alipiga picha za mmomonyoko wa udongo Ukambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walizichukua picha zile, wakasimama mahali palepale, wakapiga upya. Palipokuwa na makorongo na ardhi tupu, waliona matuta na miti. Jasho la wazee wetu likapata ushahidi, na liliupata kwa sababu mtu alizitunza picha na kuandika zilipigwa wapi.

Sasa wewe, mwananchi, una nini ndani ya sanduku? Kanda ya video ya harusi? Mkanda wa ufunguzi wa shule au wa kuapishwa kwa chifu? Usiuweke juu karibu na mabati, joto huuharibu. Uweke pakavu, penye ubaridi, mbali na vumbi, kaseti zikisimama wima. Filamu ya zamani ikianza kunuka siki, ujue inaoza: itenge na nyingine, utafute wa kuinakili upesi.

Mwenye studio sokoni, unaweza kuwanakilia majirani kwa bei ya kirafiki? Mwalimu, kwa nini wanafunzi wasipewe kazi ya likizo ya kurekodi kwa simu kumbukumbu za wazee kuhusu gari la sinema: lilisimama wapi, lilionyesha nini, nani alikuwa akitafsiri? Mama wa kanisa, mzee wa mtaa, mnaonaje mkitenga alasiri moja baada ya ibada, picha zikatandazwa mezani na watu wakatambua sura?

Kabla ya kumpa mtu nakala, waulize waliomo au jamaa zao kama wameridhia. Kisha peleka moja maktaba au Nyaraka za Taifa, nyingine ibaki nyumbani.

Na nyuma ya kila picha andika kwa penseli, kwa mkono mwepesi, maana wino hupenya: jina, kijiji, mwaka. Usipojua mwaka, andika mvua zipi au njaa ipi. Wazee watakusaidia kuukisia.