Yordani ya Kalenda

Katika makanisa yetu mengi, Musoma, Bunda hata Butiama, picha ya Ubatizo wa Bwana ni ile ile. Maji ni ya samawati, yametulia, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Yesu ni Mzungu aliyechana nywele vizuri, Yohana ni Mzungu ambaye hakuchana, na njiwa yuko juu yao. Picha ilitoka kwenye kalenda, ikakatwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa, na leo ukitaka kuiondoa utaambiwa unachezea imani ya watu. Mimi nasema iondolewe.

Sisemi hivyo kwa sababu ya rangi ya ngozi. Hilo limesemwa sana, na ni kweli, lakini si ndilo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni yale maji. Maji yale hayawezi kumwua mtu. Mtume Paulo, katika Warumi 6, anatufundisha kwamba aliyebatizwa amezikwa pamoja na Kristo. Nani anazikwa kwenye maji ya vifundoni? Petro anaufananisha ubatizo na gharika ya siku za Nuhu. Bwana mwenyewe, katika Marko 10 na tena katika Luka 12, aliyaita mateso yake ubatizo. Basi tunapowaketisha wanafunzi wa mafundisho ya ubatizo chini ya picha ile, mdomo unawafundisha Warumi 6 na ukuta unawafundisha kunawa miguu. Mtoto huamini ukuta. Ndiyo maana wengi wanaona siku ya ubatizo kuwa siku ya nguo mpya na pilau.

Na sisi watu wa Mara hatuna udhuru wa kutoyajua maji. Mji wa Musoma umezungukwa na ziwa pande tatu. Usiku ukisimama ufukweni unaziona karabai za wavuvi wa dagaa, na asubuhi Mwigobero inanuka riziki. Lakini ziwa hilo hilo linachukua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya mia mbili. Julai 2023, hapa hapa wilayani Bunda, waumini waliokuwa wakitoka ibadani walifa maji mitumbwi ilipozama, watoto wakiwa miongoni mwao. Walikuwa wametoka kumsifu Mungu. Mchungaji anayesimama mbele ya jamaa za watu hao akihubiri juu ya maji, na nyuma yake kuna kijito cha samawati kisichoweza kulowesha magoti, atawaambia nini?

Ukipanda kwenda Butiama, maji ni neno jingine. Kule maji kwa miaka mingi yamekuwa umbali: ndoo kichwani, foleni, mama anayerudi jua likiwa limeshawaka. Ndiyo maana mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, wa kuyapandisha maji ya ziwa hadi huko, si habari ndogo. Yule mwanamke Msamaria kisimani, katika Yohana 4, anaeleweka Butiama bila mhubiri kutoka jasho. Na Mto Mara nao, Machi 2022, maji yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Anayesoma habari za mapigo ya Misri akiwa Kirumi hahitaji kufikirishwa sana.

Haya yote ni mali ya mchoraji, na tunamnyima ukuta.

Watu huniambia kwamba jambo hili halijawahi kufanyika na lilikwenda vibaya kila lilipojaribiwa. Nashangaa jinsi mambo hayo mawili yanavyosemwa kwa pumzi moja. Lilifanyika, na Mtanzania ndiye aliyelifanya. Elimo Njau, mwana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea uchoraji Makerere, alimaliza mwaka 1959 michoro mitano mikubwa katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Msalaba. Watu wote ni Waafrika, Kristo pamoja nao, na nchi ni nchi ya huko huko. Lakini tazama zaidi ya hapo. Kanisa lile lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika miaka ya hali ya hatari. Ubatizo umewekwa mahali pa wafu, katika mfululizo mmoja na Gethsemane na Msalaba. Aliyeketi pale akiwa amempoteza ndugu hakuhitaji kuelezwa kwamba kuingia majini ni jambo zito. Njau huyo huyo hupenda kusema kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Ni neno kali, nami silioni kuwa kali mno.

Wazungu wenyewe hawakuiga. Piero della Francesca, Mwitalia wa karne ya 15, alichora Ubatizo wa Bwana, picha ambayo leo iko London. Mji unaoonekana kwa mbali ndani yake si wa Palestina. Unafanana na Sansepolcro, mji wake wa kuzaliwa. Hakuna aliyemwambia amepotosha Injili kwa kumbatiza Yesu kwao. Ila akifanya hivyo kijana wa Bunda, kwa kumsimamisha Yohana kwenye matete ya Ghuba ya Speke, tunaitisha kikao.

Wanaopinga kwa Maandiko nawaheshimu zaidi. Wanasema Kutoka 20 imekataza sanamu. Imekataza kuzisujudia, na Hezekia alifanya vema kuivunja ile nyoka ya shaba watu walipoanza kuifukizia uvumba. Mchoro wetu ukianza kufukiziwa uvumba, pakeni chokaa, nami nitashika brashi. Lakini someni pia 1 Wafalme 7. Hekaluni mwa Sulemani kulikuwa na chombo kikubwa cha maji, bahari ya kusubu, mikono kumi toka ukingo hata ukingo, nacho kilikaa juu ya ng'ombe kumi na wawili wa kusubu. Maji ya utakaso yalibebwa na sanamu, ndani ya nyumba ya Bwana! Aliyewaondoa ng'ombe wale na kuiweka bahari juu ya sakafu ya mawe alikuwa Ahazi, katika siku zake za kujipendekeza kwa mfalme wa Ashuru. Habari iko 2 Wafalme 16. Mfalme huyo si wa kufuata.

Wengine wanaogopa mizimu. Kwamba Waikizu bado wanamkumbuka Nyakinywa na utemi wa mvua, na tukichora maji kanisani tutakuwa tumeyaita mambo hayo yarudi. Nadhani ni kinyume. Watu wanaofichwa maji kanisani watakwenda kuyauliza kwingine, kwa sababu ukame haungoji. Kanisa linalosema waziwazi kwamba mvua na ziwa ni vya Mungu lina la kuwaambia watu hao.

Imebaki habari ya fundi, na hapa tunajidanganya kwamba hayupo. Vijana wanaoandika majina kwenye mitumbwi na kuchora sura za watu kwenye kuta za vinyozi wanajua rangi, na wengi wanajua ziwa kuliko sisi wazee wa kanisa. Mwiteni mmoja. Mlipeni kama mnavyomlipa fundi wa vipaza sauti, mapema na bila kumwambia ni sadaka. Mpeni Marko sura ya 1 asome, na Warumi 6, kisha mwacheni aende mwaloni akae siku mbili kabla hajagusa ukuta. Mwambieni maji yamfike Kristo kifuani, yawe na rangi yake ya kweli baada ya mvua, na watu walio ukingoni wawe na hofu ya watu wanaolijua ziwa. Mtumbwi ukiwapo, uwe mtupu au uwe na watu. Hilo aamue mwenyewe.