Aliyefungua Mlango Asisahauliwe



Tunapoisikia sauti ya Michael Jackson angali mtoto, ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza ni nani aliyemfikisha studioni. Tumeona ni haki, juma hili, kumkumbuka mtu huyo pamoja na bendi yake isiyodumu.

Bobby Taylor & the Vancouvers ilitoka katika jiji la Vancouver, Kanada. Mwimbaji wake, Taylor, alikuwa Mmarekani mweusi. Mpiga gitaa, Tommy Chong, alikuwa Mkanada ambaye baba yake ni Mchina. Kampuni ya Motown ya Detroit iliwachukua, na mwaka 1968 wimbo wao "Does Your Mama Know About Me", uliotungwa na Chong na mwenzake, ulifika nafasi ya 29 katika orodha ya Billboard. Ulihusu wapendanao wa rangi mbili na hofu ya maneno ya wazazi.

Mwaka huohuo, katika ukumbi wa Regal mjini Chicago, ndugu watano wa familia ya Jackson walitangulia jukwaani kabla ya bendi hiyo. Taylor aliwasikia, akawapeleka Detroit, akahimiza wasikilizwe. Walipokubaliwa, alisimamia nyimbo nyingi za albamu yao ya kwanza. Albamu hiyo ilitoka Desemba 1969, na jalada likatangaza kwamba anayewaleta kwetu ni Diana Ross. Wakati huo bendi ya Taylor ilikwisha kuvunjika.

Hatumlaumu Diana Ross. Biashara hutafuta jina linalouza. Wala hatusemi kwamba Taylor peke yake ndiye aliyewainua vijana wale. Tunalosema ni kwamba jalada lile lilikuwa na nafasi ya kutosha kwa majina mawili. Kunyamaza juu ya mema ya mtu ni namna ya kumnyang'anya, hata kama hakuna uongo uliotamkwa.

Nasi tujichunguze. Kwaya inapopigiwa makofi siku ya sikukuu, je, twamtaja mwalimu aliyewafundisha wale watoto noti za kwanza, kisha akahamia kwingine?

Taylor alifariki Julai 2017 huko Hong Kong. Wengi walimfahamu siku ile tu, kwa kusoma tanzia. Basi, wapendwa, yule aliyetufungulia mlango tumtaje mbele ya watu angali na masikio ya kusikia.