Kasoro ya gari inavuka bahari, taarifa inabaki Japani

Februari 2014, kampuni ya Toyota ilitangaza kuyarudisha gereji magari takriban milioni 1.9 aina ya Prius duniani kote. Hapakuwa na nati iliyolegea wala breki mbovu. Kasoro ilikuwa kwenye programu ya kompyuta inayosimamia mfumo wa umeme wa gari. Vifaa fulani vingeweza kupata joto kupita kiasi, taa zikawaka kwenye dashibodi, nguvu ikapungua, na kwa nadra gari likazima njiani. Tiba ilikuwa kuweka programu mpya.

Msikilizaji, jambo hili linatuhusu. Magari mengi yanayobeba abiria, mazao na wagonjwa huku kwetu yalianza kazi Japani. Kampuni inapogundua kasoro, humwandikia mwenye gari aliyesajiliwa kule. Gari likishashushwa Dar es Salaam au Mombasa, wewe uliyelinunua huandikiwi barua.

Gari la kisasa lina kompyuta kadhaa: ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya mifuko ya hewa. Kila moja hufuata maagizo iliyowekewa kiwandani. Maagizo yakiwa na kosa, kubadilisha plagi na sensa ni kupoteza fedha. Na fundi akiizima taa ya injini kwa mashine, amefuta kumbukumbu tu. Kasoro iko palepale.

Lakini kuweka programu mpya si kazi ya kubahatisha. Umeme wa betri ukishuka katikati ya kazi, au ikiingizwa programu ya gari jingine, kompyuta inaweza kufa kabisa. Kabla hujakabidhi ufunguo, muulize fundi mambo mawili: programu imetoka kwa mtengenezaji? Betri itaungwa kwenye chaja muda wote wa kazi?

Ukitaka kununua, omba kwanza namba ya chesisi. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuitafuta namba hiyo bila malipo, na simu yako inaweza kukutafsiria Kijapani. Ukikuta kuna matengenezo hayajafanyika, wasiliana na wakala wa kampuni hiyo nchini.

Mwagizaji anayo namba hiyo kabla meli haijang'oa nanga. Kuikagua ni kazi ya dakika chache. Tuwadai majibu kabla ya kulipa, maana gari likizima usiku porini na mgonjwa ndani, mwagizaji hayupo.