Kiungulia Kisichokwisha: Ugali Unapita?

Jirani yangu mmoja hapa Kondele alinunua vidonge vya kiungulia kwa miezi minane. Mwanzoni vilimsaidia. Kisha ugali ukaanza kukwama kifuani, akawa anausukuma kwa maji. Baadaye akahamia uji. Alipokubali kwenda hospitali, umio ulikuwa umebaki tundu dogo tu. Ilikuwa saratani.

Matangani watu waliuliza kama kiungulia ndicho kilichomuua. Ndugu msomaji, jibu lake si jepesi. Asidi ya tumbo ikipanda mara kwa mara kwa miaka mingi, huunguza utando wa sehemu ya chini ya umio hadi ukabadilika na kufanana na ule wa utumbo. Madaktari huiita hali hiyo Barrett, na wachache kati ya walio nayo hupata saratani. Aina hiyo ndiyo inayoongoza Marekani na Uingereza. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, iliyo nyingi ni ya aina nyingine, inayohusishwa na tumbaku, pombe na chai ya kuchoma ulimi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Wapo wanaokunywa chai ikitoka motoni, nami ni mmoja wao.

Hata hivyo, mtu asijifariji. Maumivu ya uvimbe huweza kudhaniwa kiungulia, na dawa ikayatuliza kidogo huku uvimbe ukikua. Kwa maoni yangu, wenye maduka ya dawa, kutoka Kibuye hadi Dunga, wamuulize mteja anayerudi mara ya tatu: "Ugali unapita?" Akisita, asiuziwe kitu. Aelekezwe hospitali akapitishiwe mpira mwembamba wenye kamera ili umio utazamwe. Hata Russia, kama tunavyoiita bado hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969, haina mengi ya kumfanyia anayefika akiwa hamezi hata maji.

Najua kipimo hicho kina gharama, na wengi huuogopa mpira wenyewe. Jirani yangu pia aliuogopa.